Nyuma ya Hadubini Pia Kuna Wito: Somo kwa Kijana Aliyepangiwa Maabara

Kijana mwenzangu, somo la leo limetokana na mazungumzo ya kweli. Binti mmoja wa jumuiya yetu, aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, alinifuata baada ya Misa ya pili. Tangu akiwa kwenye Utoto Mtakatifu alitaka kuwa daktari. Majina yalipotoka, akajikuta amechaguliwa kusoma Sayansi ya Maabara za Afya. Akaniambia, "Kaka, nimesali novena tatu. Mungu amenijibu kwa kunipeleka kupima choo na mkojo. Sasa hiyo ni baraka au ni adhabu?"

Nilicheka kidogo, halafu nikanyamaza, maana aliyesimama mbele yake ni mimi, mtu wa maabara mwaka wa tisa sasa. Na swali lake ndilo nililomuuliza Mungu mimi mwenyewe nilipokuwa na umri wake. Nilimwambia, "Nipe wiki moja nikujibu vizuri." Jibu ndilo hili. Nimeliandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake.

Masomo ya kusoma kwanza

Fungua Biblia yako, usisome kwa haraka:

- Yoshua bin Sira 38:1-15
- Walawi 17:11
- Mathayo 25:14-30
- Yohane 19:31-37

Umemaliza? Haya, tuendelee.

1. Mtu aliyetazama vibonge kwenye kioo

Nianze na mtu mmoja. Anaitwa Karl Landsteiner. Alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 huko Baden, mji ulio karibu na Vienna, Austria, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, mwandishi wa habari, alifariki Karl akiwa na miaka sita tu, akabaki kulelewa na mama. Mwaka 1890 alibatizwa akawa Mkatoliki, na mwaka uliofuata, 1891, alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Vienna.

Hapo ungetegemea avae koti jeupe, afungue kliniki, aanze kuitwa "dokta" mtaani. Wapi! Alirudi kuwa mwanafunzi. Alikwenda kujifunza kemia Zürich, Würzburg na München, chini ya wakemia wakubwa wa wakati ule, mmoja wao Emil Fischer. Kwa lugha ya siku hizi, vijana wenzake walikuwa wameshaanza "kula maisha," yeye bado anaosha vioo vya maabara.

Sasa, ili uelewe alichokifanya, jua hali ilivyokuwa. Kumwongezea mtu damu lilikuwa jambo lililojaribiwa tangu zamani. Mwaka 1667 huko Ufaransa, daktari Jean-Baptiste Denis alimwekea binadamu damu ya mwanakondoo. Mwaka 1818 huko London, James Blundell alijaribu damu ya binadamu kwa binadamu. Shida ni kwamba ilikuwa bahati nasibu. Mgonjwa mmoja anapata nafuu, mwingine anatetemeka, mkojo unakuwa mweusi, anakufa. Hakuna aliyejua kwa nini.

Landsteiner akafanya jambo rahisi mno. Alichukua damu yake mwenyewe na damu ya wenzake watano waliokuwa wakifanya kazi naye. Akatenganisha ile sehemu ya maji na chembe nyekundu. Halafu akaanza kuchanganya: maji ya huyu na chembe za yule, maji ya yule na chembe za huyu, akiandika kwenye jedwali. Baadhi ya michanganyiko ilibaki laini. Mingine ilishikamana ikawa vibonge vibonge.

Watu wengine walikuwa wameshaviona vibonge hivyo, wakadhani ni dalili ya ugonjwa. Yeye akajiuliza: mbona hawa wote ni wazima? Basi hii siyo ugonjwa, hii ni tofauti ya kawaida kati ya mtu na mtu. Mwaka 1901 akachapisha makala akiyataja makundi matatu, A, B na C. Hilo C ndilo leo tunaliita O. Mwaka 1902 wenzake Decastello na Sturli wakaongeza la nne, AB.

Kwa kifupi ni hivi. Chembe nyekundu za mtu wa kundi A zina alama ya A juu yake, na maji ya damu yake yana kingamwili dhidi ya B. Wa kundi B ni kinyume chake. Wa AB ana alama zote mbili, hana kingamwili dhidi ya yoyote. Wa O hana alama, lakini ana kingamwili dhidi ya zote mbili. Kwa hiyo ukimpa mtu wa O damu ya A, mwili wake unazivamia zile chembe, zinapasuka, figo zinaweza kufa, na mtu anaweza kuondoka ndani ya saa chache.

Mwaka 1907 huko New York, daktari Reuben Ottenberg akaanza kulinganisha damu ya mtoaji na ya mpokeaji kabla ya kuiweka. Ule mchezo wa bahati nasibu ukaanza kufikia mwisho.

Ona sasa: mama anayejifungua pale hospitali ya wilaya kwenu na kupoteza damu nyingi, akapona, anadaiwa shukrani na mtu aliyekaa mezani Vienna akitazama vibonge kwenye kioo.

2. Miaka ambayo hakuna aliyepiga makofi

Hapa ndipo nataka tukae, maana hapa ndipo kijana wa leo anapokata tamaa.

Unadhani baada ya 1901 dunia ilimwimbia? Hapana. Kwa miaka kumi, 1898 hadi 1908, kazi yake ilikuwa msaidizi katika idara ya patholojia, akipasua maiti kutafuta sababu za vifo. Alipasua zaidi ya 3,600. Mwaka 1911 akapewa cheo cha profesa pale chuo kikuu, lakini bila mshahara wa profesa. Umesoma vizuri: cheo bila mshahara.

Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Austria ikaanguka, njaa ikaingia, utafiti ukasimama. Mwaka 1919 akachukua mke na mtoto wao mdogo akahamia The Hague, Uholanzi. Alipata kazi wapi? Katika hospitali ndogo ya Kikatoliki iliyopewa jina la Mtakatifu Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa. Mtu aliyegundua makundi ya damu alikuwa akipima mkojo na damu za kawaida, kama mtaalamu yeyote wa zamu. Dada yangu uliyeniuliza lile swali, umesikia? Kupima mkojo! Na katika mazingira yale yale aliendelea kuandika na kuchapisha utafiti wake.

Baadaye akaitwa Taasisi ya Rockefeller, New York. Mwaka 1927, akiwa na Philip Levine, akatambua makundi mengine ya damu. Mwaka 1930 akapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Hesabu mwenyewe: kutoka 1901 hadi 1930 ni miaka karibu thelathini. Na hata hapo hakupumzika. Mwaka 1940, akiwa na Alexander Wiener, akatangaza ile alama ya Rh, ambayo ndiyo unayoiona kwenye kadi ya kliniki ya mama ikiandikwa chanya au hasi. Tarehe 24 Juni 1943, akiwa na miaka 75, alipata shambulio la moyo akiwa ndani ya maabara. Siku mbili baadaye akafariki.

Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, na mimi simtangazi. Ninachokuomba ni uutazame mfano wa talanta katika Mathayo 25. Yule bwana hakumuuliza mtumishi, "Je, watu walikuona?" Aliuliza talanta imezaa nini. Landsteiner alipewa macho ya kuona jambo dogo na subira ya kulirudia. Hakuzifukia.

Na wewe jiulize: kuna talanta umeifukia kwa sababu tu haikuja na jina ulilolitaka?

3. Njia yenyewe ikoje?

Wengi wananiuliza, "Ukisoma maabara unaishia wapi?" Twende taratibu.

Ngazi ya kwanza ni stashahada au shahada ya kwanza. Tanzania zipo nafasi katika vyuo vya serikali na vya Kanisa. Kwa mfano, Muhimbili jijini Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi pale Bugando, Mwanza. Baada ya masomo kuna mafunzo kwa vitendo, halafu usajili na leseni. Bila leseni hugusi sampuli ya mgonjwa, hata uwe na akili kama Sulemani.

Katika masomo hayo unakutana na matawi mengi: vimelea, bakteria, kemia ya mwili, kinga, na hematolojia, yaani elimu ya damu na magonjwa yake. Tawi la damu pekee lina ulimwengu wake. Kuna upungufu wa damu, selimundu, himofilia, saratani za damu, na uongezaji damu wenyewe.

Ukitaka kuingia kwenye taaluma ya chuo, ngazi zinaendelea. Unaweza kuanza kama mkufunzi msaidizi. Ukipata shahada ya uzamili unakuwa mhadhiri msaidizi. Ukimaliza uzamivu unakuwa mhadhiri, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, na profesa. Hupandi kwa umri wala kwa kujuana, unapanda kwa kufundisha na kwa kuchapisha utafiti uliopita kwenye macho ya wakosoaji. Makala yako inarudishwa ikiwa imejaa maswali. Unairekebisha. Inarudishwa tena. Mimi ya kwanza ilikataliwa mara mbili, nikalia kama mtoto, kisha nikagundua wale wakosoaji walikuwa sahihi.

Sikufichi: ni njia ndefu, na hela haiji haraka. Utamwona uliyesoma naye ameshanunua gari wakati wewe bado unaomba ufadhili wa kununua vitendanishi. Kama unatafuta sifa za haraka, hapa utaumia. Kama unatafuta ukweli na kuokoa watu usiowajua, karibu sana.

4. Usiku ule na kina Maria wawili

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, zamu ya usiku, peke yangu. Saa nane usiku ikaja simu kutoka wodi ya wazazi: kuna mama anatoka damu sana baada ya kujifungua, inahitajika damu haraka. Mhudumu akaleta chupa ya sampuli mbio mbio. Juu yake kuna jina moja tu, "Maria." Hakuna namba ya faili. Sheria tuliyofundishwa iko wazi: sampuli kama hiyo hupokei. Lakini nilikuwa nimechoka, simu inalia, muuguzi anasema mgonjwa anaondoka. Nikaipokea.

Nikapima. Kundi A chanya, vibonge safi kabisa, hakuna ubishi. Nikafungua friji, nikashika uniti ya A. Nikiwa nimeishika, macho yakaangukia ile fomu. Nyuma yake mtu alikuwa amebandika kadi ya kliniki. Imeandikwa O chanya.

Ndugu zangu, sikilizeni mawazo yaliyonijia. La kwanza: "Kadi za kliniki hukosewa, kipimo changu hakijakosea." La pili: "Nikirudia nitachelewa, akifa watasema ni mimi." La tatu, hili ndilo la aibu: "Nikisema kuna tofauti, watauliza kwa nini niliipokea sampuli isiyo na namba." Yaani nilikuwa tayari kuiamini chupa ili nisiulizwe.

Sijui nilisimama pale sekunde ngapi. Nilifanya ishara ya msalaba na mkono uliovaa glavu. Nikarudisha ile uniti ya A kwenye friji, nikatoa uniti moja ya O hasi tuliyokuwa nayo kwa dharura, nikakimbia nayo wodini mwenyewe. Wakati wanamwekea, nilichukua sampuli mpya kitandani kwake, nikamuuliza jina lake kamili, nikaandika lebo pale pale mbele yake. Nikarudi kupima. Kundi O chanya.

Wodi ile usiku ule ilikuwa na kina Maria wawili, vitanda viwili jirani. Sampuli ya kwanza ilikuwa ya Maria mwingine.

Asubuhi nilimweleza msimamizi wangu kila kitu, pamoja na kosa langu. Alikuwa mzee mkali, nikajua kazi imeisha. Akaniambia, "Mwanangu, huku kwetu hatuoni sura ya mgonjwa, tunaona lebo tu. Kwa hiyo lebo ndiyo sura yake. Ukiidharau lebo umemdharau mtu." Kisha akaniandikisha taarifa ya tukio mwanzo hadi mwisho, nikaweka sahihi, na utaratibu wa kupokea sampuli ukarekebishwa.

Mama yule alipona. Hakujua lolote, na hadi leo hajui. Nami nilielewa usiku ule kwa nini Bwana wetu, katika Mathayo 6, anasema habari za Baba aonaye sirini. Kazi ya maabara karibu yote ni ya sirini. Hakuna mgonjwa atakayekuletea kuku wa shukrani. Mungu peke yake ndiye anayejua ni wangapi wanatembea leo kwa sababu ulirudia kipimo.

Ukirudi kwenye Yoshua bin Sira 38, tazama aya ya 14. Tumezoea kuombewa na wagonjwa, lakini pale inasemwa watabibu nao humwomba Mungu awajalie kufanikiwa katika kuutambua ugonjwa na kuuponya. Kuutambua! Hiyo ndiyo kazi yetu. Kumbe sala ya mtu wa maabara imo kwenye Maandiko tangu zamani.

5. Mtafiti asigeuke mumiani

Bibi zetu walituhadithia habari za mumiani, watu wanaonyonya damu za wenzao usiku. Tukicheka, tusisahau chanzo cha hofu ile. Zama za ukoloni watu waliona wageni wakija na sindano, wanatoboa, wanaondoka na damu, hawaelezi inakwenda wapi. Hofu ikajaza pengo lililoachwa na maelezo.

Kwa hiyo mtafiti Mkristo ana deni la kueleza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2292 hadi 2295, inafundisha kwamba utafiti juu ya binadamu unaweza kusaidia kuponya wagonjwa na kuendeleza afya ya wote. Ila inaweka mipaka: hadhi ya mtu haiuzwi kwa faida ya sayansi, na ni lazima mhusika aelezwe na akubali kwa hiari. Ukimchukua bibi kijijini damu kwa kumdanganya kwamba ni kipimo cha malaria, kumbe unafanya utafiti wako wa uzamili, umeiba. Haijalishi matokeo yatachapishwa wapi.

Na kuna dhambi nyingine ya kitaaluma isiyotajwa sana kwenye kitubio: kupika takwimu. Sampuli zimepungua, muda wa kuwasilisha umefika, unajaza namba za kubuni. Nani atajua? Lakini namba ile itasomwa na daktari mahali fulani, atamtibu mtu kwa kuiamini. Amri ya nane haikuachwa mlangoni mwa maabara.

Utafiti wa haki unazaa matunda. Chukua selimundu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alisafiri huko mwaka 1949 akipima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Akaona kwamba wenye vinasaba vya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja ni wengi zaidi pwani na karibu na Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Akaunganisha na malaria: palipo na mbu wengi, ndipo walipo wengi. Mwaka 1954 akachapisha kwamba kuwa na kinasaba kimoja kunamkinga mtu dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana tatizo hili ni letu hasa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Pale Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamejenga kituo cha kuwafuatilia na kuwatibu wagonjwa hawa, na mwaka 2011 alipewa tuzo na Royal Society ya Uingereza kwa kazi hiyo. Mtafiti wa kwetu, wagonjwa wa kwetu, swali la kwetu.

Ninyi mlio kwenye uchumba, hili linawahusu pia. Kama wote wawili mna kinasaba kimoja kimoja, kila mtoto ana uwezekano wa moja ya nne kuzaliwa na ugonjwa. Kapimeni, mjue mapema, mzungumze na padre na mtaalamu. Kujua siyo hukumu. Kujua kunakusaidia kumpokea mtoto ukiwa umejiandaa kumtunza.

6. Damu ya kwenye mfuko na Damu ya kwenye kalisi

Walawi 17:11 inaunganisha damu na uhai. Ndiyo maana Waisraeli waliiheshimu hata ya mnyama. Kisha ukifika Yohane 19, unamkuta askari akimchoma ubavu Bwana, na vinatoka damu na maji. Mababa wa Kanisa waliona pale chemchemi ya Ekaristi na Ubatizo.

Angalia kalenda sasa. Tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Landsteiner, dunia inaadhimisha Siku ya Wachangia Damu. Mara nyingi ni karibu na Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Na Julai yote ni mwezi wa Damu Azizi ya Yesu. Mimi silioni kuwa jambo la kupita hivi hivi. Kila ninapoweka mfuko wa damu kwenye meza, nakumbuka kuna mtu alikaa kwenye kiti akatoa kitu kilichomo ndani yake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Hicho ni kivuli tu cha kilichotokea Msalabani, lakini ni kivuli cha kweli.

Unamkumbuka Mtakatifu Carlo Acutis, yule ambaye wengi mmeweka picha yake kwenye simu zenu? Alifariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15. Kilichomuua ni saratani kali ya damu. Leo, aina ile ya saratani ikiwahiwa inatibika kwa wagonjwa walio wengi, kwa sababu kuna watu walikesha wakitazama chembe za damu kwenye hadubini. Carlo aliipenda Damu ya Kristo katika Ekaristi, na damu yake mwenyewe ilipomgeuka, aliyatoa mateso yake kwa ajili ya Papa na Kanisa. Ukiwa maabara, chembe unazozihesabu zinaweza kuwa za Carlo mwingine.

7. Jibu langu kwako, dada

Uliniuliza ni baraka au adhabu. Nakujibu hivi: ni shamba. Utakachovuna kitategemea unavyolima.

Huenda baadaye ukasomea udaktari, mlango haujafungwa. Huenda ukawa profesa wa hematolojia na madaktari wakapanga foleni kukuuliza. Huenda ukabaki mtaalamu wa zamu katika kituo cha afya cha kijijini, ukiwa na hadubini moja. Popote pale, kitu kitakachopita mikononi mwako ni uhai wa mtu uliotiwa kwenye chupa ndogo yenye lebo. Isome lebo. Rudia kipimo unapokuwa na shaka. Sema ukweli hata unapokugharimu. Novena zako tatu hazikupotea.

Maswali ya kutafakari (peke yako au kwenye kikundi cha TYCS, TMCS au VIWAWA)

1. Ni kazi gani ninaidharau kwa sababu haionekani na watu?
2. Je, nimewahi kuficha kosa kazini au shuleni ili nisiulizwe? Ni nani angeweza kuumia?
3. Landsteiner alisubiri karibu miaka thelathini. Mimi naweza kuwa mwaminifu kwa muda gani bila kusifiwa?
4. Nikimchukulia mtu taarifa, picha au damu, je, namweleza kwa uaminifu inakwenda wapi?

Azimio la wiki hii

Kama una miaka 18 au zaidi, uzito wako ni kilo 50 au zaidi na u mzima wa afya, nenda kachangie damu. Inachukuliwa kiasi kidogo tu, na itapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende kabla ya kumfikia mgonjwa. Mfuko mmoja unaweza kutenganishwa ukasaidia zaidi ya mtu mmoja. Kama hujatimiza vigezo, jua kundi lako la damu, na umwombee mtu mmoja anayefanya kazi maabara.

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyemwaga Damu yako kwa ajili yetu sote, tunakuomba kwa ajili ya wote wanaofanya kazi wasiyoonekana. Uwape macho ya kuona jambo dogo, mikono isiyo na haraka, na ulimi usioficha kosa. Uwabariki watafiti wetu, ili watafute ukweli na wasimdhulumu maskini. Uwakumbuke wagonjwa wa selimundu, wa saratani ya damu, na akina mama wanaojifungua usiku huu. Na kijana anayeona milango imefungwa, umwonyeshe ule ulioufungua wewe. Amina.

Mtakatifu Alberto Mkuu, msimamizi wa wanasayansi, utuombee.

Tukutane wiki ijayo. Ukimaliza kusoma, mtumie mwenzako mmoja aliyepangiwa kozi asiyoitaka. Tumsifu Yesu Kristo!